Atapangiwa Kazi Nyingine

Dada yangu alipata habari za cheo cha mumewe kutoka kwa mteja. Alikuwa amepiga magoti sakafuni dukani kwake, pini mdomoni, akipima upindo wa gauni, redio ikisoma majina ya walioteuliwa. Mama mwenye gauni akainama kumtazama.

"Fundi, huyo Naibu Katibu Mkuu wa Hazina waliyemtaja si mumeo?"

Dada alitoa pini mdomoni kwanza. Kisha akasema labda majina yamefanana.

Hayakufanana. Shemeji yangu alikuwa mwalimu wa chuo cha uhasibu, mtu mpole, shati lake limefungwa vifungo mpaka shingoni hata wakati wa joto. Siku ile alikuwa akisahihisha mitihani. Hakuna aliyempigia simu kumuuliza kama anaitaka kazi yenyewe, kama ana mgonjwa nyumbani, kama mkewe ana shughuli zake. Alijua jambo limetokea pale mlinzi wa lango, ambaye miaka yote alimsalimia kwa kunyanyua kidevu tu, alipompigia saluti.

Mimi ndiye niliyekuwa nikimsaidia dada vifungo na pindo, na usiku huo nilikuwa kwao, kwa hiyo niliyasikia.

"Hata msichana anayeposwa huulizwa," dada alimwambia. "Wewe umeposwa redioni?"

"Mheshimiwa ameniamini, mke wangu. Nitakataaje?"

"Kwa mdomo."

Shemeji akacheka, akidhani ni utani. Ndugu walikuwa wameshaanza kumiminika. Kaka yake mkubwa, aliyekuwa hajakanyaga pale tangu mama yao apooze upande mmoja, alifika na vyeti vya wanawe wote chini ya kwapa, akamkumbatia mama yake hadi bibi wa watu akakohoa.

Baada ya kiapo, wakahamishiwa nyumba ya serikali. Akaja afisa mmoja wa itifaki, kijana mwenye adabu nyingi, kumweleza dada maisha mapya. Akamwambia si vizuri mke wa kiongozi kupima watu viuno barabarani. Usalama, mama. Heshima ya ofisi, mama. Dada akamwambia kwamba ile heshima ya viuno ndiyo iliyomlipia mumewe shahada ya pili. Lakini shemeji alimsihi. Alimsihi vibaya, kwa sauti ya mtu anayeogopa. Basi dada akairudisha fremu ya duka kwa mwenye nyumba, cherehani zikaja kulala kwangu zimefunikwa shuka. Mteja wake wa zamani alipompigia simu kuulizia gauni la harusi, niliona dada akimwelekeza kwa fundi wa mtaa wa pili, mtu ambaye dada alikuwa akisema anashona kama anafunga magunia.

Ile nyumba ilikuwa kubwa na haikuwa ya mtu. Kila kiti kilikuwa na namba imepakwa rangi chini yake. Dada alikuwa akizunguka humo mikono mitupu, anagusa mapazia, anageuza pindo, anasonya. Aliyefurahi ni mama mkwe peke yake, kwa sababu kitanda chake kilikuwa dirishani na aliweza kuona miti.

Haikutimia mwaka.

Shemeji alikuwa akiongoza kikao cha bajeti. Yeye mwenyewe ndiye aliyetusimulia, baadaye sana. Anasema simu za watu zilianza kutetemeka mezani, moja baada ya nyingine. Watu wakazitazama, kisha wakamtazama yeye, kisha wakatazama karatasi zao. Akaendelea kuzungumza. Mkurugenzi mmoja, ambaye tangu asubuhi alikuwa akiandika kila neno lake, akafunika kalamu yake na kuiweka mfukoni. Hapo ndipo shemeji alipoitoa simu yake mwenyewe na kusoma. Uteuzi wake umetenguliwa kuanzia leo. Atapangiwa kazi nyingine. Sababu haikuandikwa. Aliposhuka chini, gari lilikuwa limeshaitwa lirudi. Naibu Katibu Mkuu alirudi nyumbani nyuma ya pikipiki, tai ikimpiga usoni.

Asubuhi iliyofuata nilikuwa namsaidia dada kufunga vyombo, walipokuja wanaume wawili na lori. Mkubwa wao alikuwa na ubao wa kuandikia kifuani.

"Mama, tumeagizwa nyumba iwe wazi leo."

"Mama mkwe wangu anakunywa uji," dada akasema. "Kaeni."

"Mama, sisi tumetumwa tu."

"Najua. Ndiyo maana nimewaambia mkae. Mgonjwa wa kupooza akikimbizwa na uji mdomoni anapaliwa. Mkitaka kumuua, ingieni mshike kijiko wenyewe."

Wakakaa kwenye ngazi. Dada akarudi chumbani, akaendelea kumlisha bibi polepole, kijiko baada ya kijiko. Sauti yake kwa bibi ilikuwa laini kabisa.

Uji ulipoisha tu na vitu kuanza kupakiwa, gari lingine likaingia. Akashuka mwanamke wa rika letu, amependeza, mkononi ana utepe wa kupimia. Ni mke wa yule aliyeteuliwa jana yake kushika nafasi ya shemeji. Alikuja kupima madirisha. Alipotukuta bado tumo, akababaika, akataka kurudi. Dada akamfuata hadi mlangoni. Nikajua leo patachimbika.

"Mwenzangu, una kazi?" dada akamuuliza.

"Nina saluni."

"Usiifunge."

Yule mwanamke alimtazama kama ametukanwa. Kisha akatazama lori, magodoro yetu, na bibi anayebebwa nje akiwa kitini huku ameshikilia kitambaa chake cha kichwa kwa mkono mmoja mzima. Akaondoka bila kupima hata dirisha moja.

Lakini kilichomchoma dada zaidi kilitokea tukiwa tumebanana ndani ya lori lile lile. Mwandishi wa habari alimpigia shemeji simu. Na shemeji, amekaa juu ya godoro lililokunjwa, akasema, "Namshukuru sana Mheshimiwa kwa kuniamini kwa kipindi chote hiki. Naahidi ushirikiano."

Dada alingoja akate.

"Unashukuru nini?"

"Ndivyo inavyosemwa."

"Mama yako yuko hapa anarushwa kama kiazi. Unashukuru nini?"

Shemeji akageuka kumshikilia mama yake asiyumbe.

Chuoni nafasi yake ilikuwa imeshajazwa. Fremu ya dada ilikuwa imeshageuka duka la simu. Wakapanga vyumba karibu na kwangu, dada akaziweka cherehani barazani kwangu na kuanza upya, kwa kurekebisha zipu za watu. Shemeji yeye aliamka kila siku, akaoga, akavaa suruali ya suti, akakaa na simu mbele yake akisubiri ile kazi nyingine. Ukimwambia atafute ya kufanya mwenyewe, anasema itaonekana amekasirika.

"Mimi nimekasirika kwa niaba yako," dada alimwambia. "Lakini nachoka. Chukua zamu."

Na mtaani watu hawakukaa kimya. Mwanamke mmoja alikuja kuchukua sketi, akaangalia baraza, akaangalia cherehani, akasema kwa huruma ya uongo, "Lakini mtu hatolewi bure, fundi. Kuna kitu alikula."

Dada alimkabidhi sketi yake, akafunga cherehani, akavaa viatu. Akaniambia, "Twende."

Tukaenda hadi ofisi kubwa, ile iliyotoa taarifa. Mapokezi alikuwepo afisa mwenye miwani, akatusikiliza vizuri.

"Nataka sababu," dada akasema. "Kama ameiba, mpelekeni mahakamani, nitampelekea chakula gerezani. Kama hajaiba, semeni hajaiba."

"Mama, mamlaka ya uteuzi hailazimiki kutoa sababu."

"Ni kweli. Mtaani kwetu wameshatoa yao."

Afisa akavua miwani, akaifuta, akamshauri awe na subira. Dada alirudi tena pale, na tena, mpaka walinzi wakamzoea na kumpisha kivulini. Sababu hakupewa. Hata leo hatuijui.

Kisha kazi nyingine ikapangwa kweli. Mkurugenzi wa fedha wa bodi fulani, mkoa wa mbali ambao hatukuwahi kufika. Ikatangazwa vile vile, bila mtu kuulizwa. Shemeji aliinuka kwenye kiti kama mtu aliyeponywa. Akaanza kutafuta sanduku.

"Tunahama lini?" dada akamuuliza.

"Wanataka niripoti Jumatatu."

"Nimekuuliza 'tunahama' makusudi, nione kama utastuka. Hukustuka, umeona ni lazima nikufuate. Nenda, mume wangu. Mimi sihami."

"Na mama je?"

Kabla dada hajafungua mdomo, bibi akajibu mwenyewe kutoka kitandani, maneno yakitoka yamepinda. "Mimi nabaki na fundi."

Shemeji alilia. Dada alimpigia pasi mashati yake yote, akampangia sandukuni, wala hakumwambia neno baya hata moja. Lakini alipompa mkono kituoni, ulikuwa mkono wa mtu anayemuaga mpangaji.

Sasa dada ana fremu nyingine, ndogo kuliko ya kwanza, mkataba umeandikwa kwa jina lake peke yake. Bibi tunamkalisha mlangoni asubuhi, anawagombeza wateja wanaochelewa kuchukua nguo. Shemeji huja mwisho wa mwezi akipata ruhusa. Hula, huongea na mama yake, hulala, huondoka. Juzi alimwambia dada kwamba huko mkoani wanasema jina lake linatajwatajwa tena kwa Hazina. Dada alikuwa anakata kitambaa. Akaendelea kukata mpaka mwisho wa mstari wa chaki, kisha akamwomba apishe, amemzibia mwanga.