Swichi Niliyoikuta Chini ya Tablo

Nakumbuka siku moja ya jua kali pale Kamembe, mwanangu, nimelala chali ndani ya boti ya Maman Esperance, kichwa chini ya tablo, hii ambayo ninyi mnaiita dashibodi. Geji ya mafuta ilikuwa imekufa, mbao zimeoza, naye alitaka tablo mpya ya kuvutia abiria wa kwenda kisiwani Nkombo. Nilikuwa kijana, na kusema kweli nilijiona nawashinda mafundi wote wa ziwa hili.

Huko chini nikakuta swichi. Imefichwa nyuma kabisa, haina alama, waya zake zimeviringishwa kitambaa cheusi. Moyo ukashtuka. Boti ile iliwahi kutengenezwa na fundi mmoja wa Bukavu, ng'ambo ya mpaka, na sisi wa upande huu, ngoja nikuambie ukweli, fundi wa ng'ambo hatukumwamini hata akitusalimia. Nikasema, huyu ameweka kitu cha kuzima mashine, ili mama wa watu arudi kwake kila mwezi. Kama kazi yake ni safi, kwa nini aifiche? Usinicheke. Hata wewe ungeshuku.

Kumwuliza mwenye boti niliona aibu, angesema sijui kazi. Kuvuka daraja la mpakani nikamwulize yule fundi? Ati mimi! Nikashika koleo, nikakata, nikaitupa swichi, nikafunika yote kwa mbao mpya zilizopakwa vanishi zikang'aa. Maman alipoiona alipiga vigelegele.

Kesho yake tuliondoka na abiria tisa, mmoja ana mtoto mgongoni, Maman mwenyewe kwenye usukani. Tulipofika katikati ya ziwa nikasikia miguu yangu inalowa. Maman akaingiza mkono chini ya tablo, akapapasa, akapapasa tena.

"Swichi ya pampu iko wapi?"

"Pampu gani, Maman?"

"Ya kutoa maji! Boti inavuja toka zamani. Niliambia fundi aifiche, batoto ba abiria banaichezea."

"Niliikata. Nilizani ni ya wizi."

"Ulizani! Na hiyo kinywa Mungu alikupatia ni ya kula tu?"

Hofu ile sipendi hata kuikumbuka. Tulichota maji kwa mabeseni, kwa bidoni, yaani madumu, kwa viatu. Yule mama mwenye mtoto alichota huku analia, na mimi nilishindwa kumtazama. Tulifika Nkombo wote hai, Mungu ni mwema.

Maman aliendelea kunipa kazi. Lakini toka siku ile, kila nilipomaliza, aliinama kuchungulia chini ya tablo kabla ya kuwasha mashine. Hakunitukana. Aliinama tu, miaka yote, mbele ya watu. Inaniuma mpaka leo.

Mwanangu, sikukatazi kushuku. Mimi mwenyewe bado nashuku watu, na kazi yetu inataka jicho kali. Ila shuku ikikushika, iseme. Mwulize mwenye kitu, mwulize hata fundi usiyempenda, kabla hujashika koleo. Aibu ya kuuliza inapita siku hiyo hiyo. Basi, Mungu akulindie mikono, akulegezee ulimi, na kila atakayepanda boti uliyoitengeneza afike kwao mkavu.