Siku Niliyotia Sabuni Kwenye Maziwa ya Bibi

Naanza kwa kukiri, maana hata nisipokiri mtaambiwa tu mkifika Balangdalalu, huku Hanang: mimi ndiye yule mwalimu wa sayansi aliyekunywa sabuni mbele ya wazazi, mwalimu mkuu na mratibu wa elimu wa kata. Sokoni yupo mama muuza nyanya ambaye hadi leo ananiuliza kama povu limeisha. Chekeni tu, nimeshazoea.

Mimi ni mtu wa Dongobesh, mtoto wa wakulima wa mahindi na maharage, na kwetu ng'ombe tulikuwa naye mmoja, tena mkali, kwa hiyo nilipopangiwa shule huku chini kwa wafugaji nilikuja na ujuaji mwingi na habari kidogo sana za maziwa. Tukaandaa Usiku wa Sayansi wa familia (uliitwa usiku kwa sababu mwalimu mkuu alilipenda jina hilo, ila ulianza saa tisa mchana, maana umeme hatuna na fisi wapo), wazazi waje wafanye majaribio kwa mikono yao wakiwa na watoto wao. Kila meza tulibandika maelezo kwa Kiswahili, Kiiraqw na Kibarbaig cha wafugaji wa hapa, na kwa wasiosoma tukawapa wanafunzi kazi ya kutafsiri.

Mimi nilikuwa na langu moyoni, nalo lilikuwa Udaweda. Huyu ni binti wa darasa la saba, ana kichwa chepesi hujapata kuona, lakini kwao ni mwendo wa saa mbili kwa miguu na siku nyingine hafiki kabisa. Nilitaka aingie kambini, yaani alale shuleni na wenzake hadi mtihani wa mwisho, na baba yake alikuwa hajakubali. Nilipompigia simu alisema atakuja hiyo siku pamoja na mama yake mzazi, yaani bibi yake Udaweda, waone wenyewe tunachofundisha, ndipo atoe jibu. Sikulala vizuri wiki nzima.

Meza yangu ilikuwa ya jaribio nililoliona kwenye simu: unamimina maziwa kwenye sahani, unadondosha rangi za keki, unagusa katikati kwa tone la sabuni ya vyombo, na rangi zinatimka mbio. Maelekezo yalisema maziwa ya pakiti. Nikajisemea, ninunue pakiti nikiwa Hanang, nina akili kweli? Nikawaambia watoto wakaseme nyumbani kwamba madam anaomba maziwa, basi, sikusema ya nini.

Siku ikafika, watu wakajaa. Baba yake Udaweda akaja na fimbo yake, na bibi naye akaja amevaa vizuri, bangili za shaba hadi karibu na kiwiko, na mkononi kibuyu. Nikampa shikamoo, akaitikia, akanikabidhi kibuyu kwa mikono miwili huku akisema maneno mengi ya Kibarbaig ambayo Udaweda alikuwa anataka kunitafsiria, lakini mimi nilikuwa na haraka (mratibu alikuwa ameshaangalia saa mara mbili), nikasema asante bibi, nikafungua, nikamimina yote kwenye sahani sita, nikatia rangi, nikatia sabuni, nikapiga makofi peke yangu.

Peke yangu kabisa, jamani. Rangi zilikimbia vizuri sana na hakuna aliyeziangalia. Wamama wa Kibarbaig waliziba midomo, na yule bibi akaanza kukusanya shuka lake. Nikamuuliza Udaweda kuna nini. Akajibu akiangalia chini:

"Madam, bibi alisema haya ni ya wewe kunywa. Wewe ni mgeni hapa na hujanywa maziwa ya kwetu. Jana wadogo zangu wamelala bila maziwa ili yapatikane haya."

Nilitamani ardhi ipasuke. Na hapo ndipo mwenye akili angeomba radhi akanyamaza, lakini mimi nilipomwona baba yake naye anachukua fimbo yake, anageukia mlango na kambi inaondoka naye, nikashika sahani iliyokuwa karibu nikaipiga yote kwa mkupuo mmoja, ili bibi aone nimekunywa.

Sabuni ya vyombo haina mchezo. Nilifungua mdomo niseme asante, likatoka povu la buluu. Nikajifuta, likatoka lingine, nikakimbilia dirishani, na nje ya dirisha alikuwa amesimama mwalimu mkuu na suruali yake mpya. Sitaeleza zaidi.

Niliporudi nikiwa nimeshika tumbo, nilikuta bibi amekaa chini anacheka hadi machozi, na baba yake Udaweda ameinamia sahani mojawapo. Alikuwa anachovya kijiti kwenye sabuni na kuyagusa maziwa, kidogokidogo, na rangi zinakimbia. Akaniuliza kwa Kiswahili chake cha mnadani, sabuni inafanya nini kwa maziwa. Nikajaribu kujibu, nikacheua.

Udaweda akajibu badala yangu. Alisema kwa Kiswahili, kisha kwa Kibarbaig, kisha kwa Kiiraqw cha kuokoteza kwa ajili ya wamama wa Kiiraqw, kwamba ndani ya maziwa kuna mafuta, na sabuni inayavuta na kuyasukuma huku na huku, na rangi zinafuata. Bibi akamkatiza: ndiyo maana kibuyu hakioshwi kwa sabuni, kinasafishwa kwa kaa la moto. Udaweda akafikiri, akasema moto unaua wadudu wanaochachusha maziwa, wadudu wadogo ambao macho hayawaoni, na moshi unasaidia. Mzee mmoja akabisha, naye akambishia kwa adabu. Sikuwahi kumfundisha kuunganisha hivyo, na nilijikuta nalia, wengine wakidhani ni sabuni.

Baba yake alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akanigeukia.

"Huyu atakuja kambini. Wewe Jumamosi njoo nyumbani, mama akufundishe maziwa."

Nilikwenda, na nimekwenda Jumamosi nne sasa. Kibuyu cha kwanza nilikichoma kikatoboka, cha pili maziwa yalichacha kabla ya jioni, na bibi ananisema kwa lugha ambayo naanza kuielewa kidogo, kwa bahati mbaya. Udaweda yuko kambini, ana godoro lake, anaamka kusoma kabla ya kengele. Nami nimeapa: sitaomba tena kitu nyumbani kwa mtu bila kusema kinakwenda kufanya nini, na mtu akinipa kitu kwa mikono miwili, nitasimama nisikilize hadi amalize kusema, hata mratibu akiangalia saa mara kumi.