Friji Isiyogandisha

Sitaki mtu aniambie tena kwamba friji ile ni nzuri. Mume wangu ameshaniambia vya kutosha, na mzungu aliyempa amesharudi kwao, kwa hiyo maudhi yote yamebaki kwetu humu ndani.

Mume wangu ni dereva wa shirika la misaada hapa Arua. Bosi wake alipomaliza mkataba aliwagawia wafanyakazi vitu vya nyumbani kwake. Mmoja akapata kitanda, mwingine jenereta. Mimi nililala nikiiota ile jenereta. Mume wangu akarudi na friji ya mvinyo: sanduku jeusi lililonifika kiunoni, mlango wa kioo, taa ya buluu, na rafu za mbao zilizochongwa mashimo ili chupa zilale chali. Ndani mlikuwa na chupa kadhaa zilizobaki. Mume wangu ni mtu wa kijijini Aroi, mlokole nusu, ambaye mvinyo anaunywa harusini tu na anakunja uso akiumeza. Nilimuuliza ataifanyia nini. Akasema ni kitu cha maana, nitaona.

Niliona. Walikuwa wameileta kwenye pikapu ikiwa imelala ubavu, naye akasoma kwenye kijitabu kwamba ikisafirishwa hivyo, lazima isimame wima muda mrefu kabla ya kuwashwa, mafuta ya mashine yatulie. Basi kutwa nzima watu wazima tulikuwa tunaizunguka friji iliyosimama katikati ya sebule, tukiingoja kama mgonjwa. Wakati huo fundi seremala alikuwa ameshakata nafasi yake kwenye kabati, nafasi iliyoibana kama kiatu kipya. Kijitabu kikasema friji inapumulia nyuma, iachiwe upenyo. Seremala akarudi, kabati likapasuliwa upya, televisheni ikahamia chumbani kwetu. Halafu ikaja habari ya umeme. Umeme wa huku unaondoka bila kuaga na unarudi kwa kishindo, kwa hiyo ikabidi tununue stabilaiza ya kuutuliza, ambayo nayo inanguruma. Na ile taa ya buluu hatukuona swichi ya kuizima. Ukipita barabarani usiku unadhani nyumbani kwangu kuna baa.

Hilo la baa ndilo lililonikosesha raha, na sababu ni Baba.

Mimi ni mtoto wa Koboko, binti wa mwanajeshi mstaafu, na kwetu ni Waislamu. Nilipoolewa na Mkristo, Baba hakupiga kelele. Aliwapokea wakwe, akala nao nyumbani kwake, akanipa baraka zake. Lakini kwangu mimi hajawahi kula. Kila akija Arua kwa shughuli zake anapitia hapa, anakaa barazani, anauliza habari za watoto, na nikileta hata maji anasema, "Asante mama, mimi nimeshiba." Ameshiba nini, ametoka Koboko asubuhi na vumbi la njia bado liko kwenye kofia yake. Siku moja nilimbana. Akanitazama, akasema, "Sahani yako, mimi sijui."

Maneno hayo niliyatafuna miaka. Nilijua anachomaanisha, au nilidhani najua: kwa Mkristo kuna pombe, kuna nguruwe, sahani zimechanganyika. Nguruwe sijawahi kumpika. Nilinunua sahani mpya na sufuria mpya, nikaziweka kwenye boksi chini ya kitanda, hakuna aliyeruhusiwa kuzigusa. Nilimwambia Baba kwamba zipo. Akaitikia tu kwa kichwa, akasema ameshiba. Nilitaka kitu kimoja tu kutoka kwa mzee huyu: ale tonge moja nyumbani kwangu. Sasa mbele ya kiti ambacho angekalia, kama angekubali kuingia ndani, pamesimama sanduku la kioo lenye chupa za pombe zilizomulikwa kama vito.

Huku nikiwaza hayo, friji yenyewe ilikuwa haiishi vituko. Mume wangu hakupenda kuona rafu tupu, kwa hiyo akajaza chupa za asali ambazo mama yake hutuletea kutoka Aroi, asali ya kwetu ambayo watu huitia kwenye chupa za mvinyo zilizotumika. Asali ikaganda, nikawa naichokonoa kwa mpini wa kijiko asubuhi wakati watoto wanachelewa shule. Tunakaa Onduparaka, jirani na uwanja, na siku za mpira vijana wanakuja kwangu kununua maji ya baridi, kwa sababu nina friza kubwa jikoni inayogandisha kila kitu kuwa jiwe. Walipoiona ile ya kioo wakataka maji ya humo, maana yanaonekana. Wakayagusa, wakanitazama kwa huruma. "Mama, friji yako nakufa. Haina baridi." Nikawaeleza kwamba hiyo ni ya digrii kumi na mbili, imetengenezwa hivyo makusudi. Mmoja akaniuliza ni nani atatengeneza friji makusudi isigandishe. Jirani akaniletea fundi wa friji, naye akaweka kiganja kwenye chupa, akafumba macho, akasema gesi imekwisha. Alikuwa ameshaigeuza friji ili afungue vyuma vya nyuma mume wangu alipoingia na kumtoa mbio.

Na kuitunza ni kazi ya nani? Kiangazi vumbi la Arua linaingia hata kwenye sukari, na vumbi likijaa nyuma ya ile friji inapata joto na kuanza kupumua kwa nguvu. Basi napiga magoti na brashi. Raba ya mlango inashika utando, naipangusa kwa maji ya uvuguvugu. Maji yanajikusanya chini ya rafu ya mwisho, nayakausha kwa kitambaa. Mume wangu yeye anaitazama tu, kisha anasoma namba za digrii kwa sauti kama anasoma taarifa ya habari.

Ndipo macho ya Baba yakaingia ukungu, na daktari akasema afanyiwe upasuaji hapa Arua, jicho moja kwanza, kisha akae karibu na hospitali mpaka wamkague. Karibu na hospitali maana yake kwangu. Nilifurahi mpaka nikakaa chini. Kisha nikageuza shingo, nikakiona kile kioo.

Nilimwambia mume wangu pombe itoke leo hii. Kwa mara ya kwanza hakubishana, akazibeba chupa zote kwa jirani. Mimi nikaitoa kila rafu, nikaisugua friji kwa limau, kwa magadi, kwa sabuni, kisha kwa limau tena, mpaka vidole vikachubuka. Niliifunika kwa kitambaa cha meza. Mume wangu akakifunua, akisema itakosa hewa. Nikakikunja kitambaa changu, maana sikutaka Baba aingie nyumba yenye ugomvi.

Nilimtoa Baba hospitali mwenyewe, jicho moja limefungwa bandeji, lingine bado lina ukungu wake. Muuguzi akanipa kichupa cha dawa ya matone. Ikae kwenye baridi, akasema, lakini isigande kabisa, ikiganda itupe. Nilifika nyumbani nikasimama katikati ya friza yangu inayofanya kila kitu jiwe na lile sanduku la mume wangu. Nilitamani kulia. Nikafungua mlango wa kioo, nikakiweka kichupa cha Baba peke yake juu ya rafu ya katikati, kikamulikwa na taa ya buluu.

Nilipika kuku. Nilitoa zile sahani mpya chini ya kitanda. Harufu ya mchuzi ikamfikia Baba, nikaona anameza mate, kisha akasema, "Asante mama, mimi nimeshiba," akaingiza mkono kwenye mfuko wake na kutoa mkate wa Koboko na tende. Akala hivyo hivyo, mkavu, kwenye kochi langu, umbali wa hatua chache tu kutoka kwa mchuzi wangu. Nilirudi jikoni nikafunika sufuria kwa kishindo ili asikie.

Mume wangu hakuwepo kuona hayo. Baba akiwepo, yeye hayupo kamwe. Kwa watu wa nyumbani kwao, mwanamume hajinyooshi mbele ya baba wa mke wake. Anainama, anasalimia macho yakiwa chini, kisha anajitoa. Tangu tuoane, kila Baba akija, mume wangu anakumbuka kazi mahali, anakula kwa rafiki zake, anarudi mzee ameshaondoka. Mimi nilikuwa namsifu kwa hilo. Niliwaambia hata dada zangu kwamba nimepata mume mwenye adabu.

Siku ya pili, mchana, umeme ukakatika, ukarudi kwa kishindo chake, na friji ikaanza kulia pi-pi-pi. Mume wangu alikuwa nje anaosha gari. Akapita mbio mbele yangu na miguu ya matope, akapiga magoti mbele ya kioo na kuanza kubonyeza vitufe.

"Ni nani huyu?" Baba akauliza.

Mume wangu akaganda pale pale. "Ni mimi, Mzee."

"Nini nalia?"

"Friji, Mzee. Stima nasumbua yeye. Iko nalinda dawa ya macho yako."

Angeishia hapo. Lakini mtu huyu ukimwacha karibu na friji ile hawezi kunyamaza. Akaanza kumweleza Baba kwamba hii si friji ya kugandisha, hii inashika baridi kidogo bila kupanda wala kushuka, haitikisiki, haina mwanga wa jua, kwa sababu waini inataka hivyo. Neno waini lilipotoka nilifumba macho mlangoni mwa jikoni.

"Iko ya waini?" Baba akasema.

"Ndiyo, Mzee."

"Na waini iko wapi?"

"Nilitoa yote, Mzee. Sababu yako."

"Nani nasema toa?" Baba akauliza, bila hasira. "Mimi nakaa jeshi miaka mingi na watu ya pombe. Wao nakunywa, mimi sikunywi, chakula tunakula moja."

Hapo uvumilivu wangu ukaisha. Nikasema kutoka pale mlangoni, "Basi, Baba, kwangu huli kwa nini?"

Akageuza ile bandeji upande wangu. "Nakula na nani? Kila siku mimi nafika hapa, mwenye nyumba natoroka. Wewe naleta sahani, naweka mbele yangu, nasimama. Mimi mufungwa? Nilikuambia zamani, sahani yako mimi sijui. Jeshini sahani ni watu yenye nakula pamoja. Mutu nauliza wewe iko sahani gani, nauliza nakula na nani."

Mume wangu alikuwa bado amepiga magoti. "Mzee, kwetu mukwe naogopa mukwe," akasema. "Hiyo ni heshima."

"Heshima gani iko nalaza mimi njaa?"

Mume wangu akatazama sakafu. Kisha akainuka, akafuta mikono kwenye suruali, akasema kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake, "Mzee, karibu chakula kwangu."

"Asante," Baba akasema. "Kaa."

Sikufurahi, sitasema uongo. Nilikasirika. Miaka yote hiyo mmoja ananiachia mgeni kwa jina la heshima, mwingine ananiambia ameshiba, na mimi katikati yao nanunua sahani, nasugua rafu kwa limau, navichubua vidole. Sikugusa lile boksi. Nilichukua sinia ya kila siku, ile iliyobonyea, nikapakua ugali na kuku wa jana niliyempasha, nikaitua katikati yao kwa nguvu zaidi ya inavyotakiwa. Mume wangu akauelekeza mkono wa Baba palipo na nyama. Friji ikatulia. Nikarudi jikoni nikasimama nimewapa mgongo, nasikia wanatafuna.

Kisha Baba akaniita.

"Mama," akasema, mdomo umejaa, "muchuzi yako haina chumvi."

Nilichukua kopo la chumvi, na sikuweza kutoka nalo mara moja, kwa sababu machozi yalikuwa yananitiririka mpaka shingoni.