Jeshi Lililougua Malaria

Aliyetaka kusikia uongo uliopigwa pasi, mamluki walipokwisha kuipindua serikali mwaka 1978, aliwauliza tu vijana wa Moroni kama waliwahi kuwa mgambo wa serikali hiyo. Wapi! Wote walikuwa kitandani na malaria. Juzi tu walikuwa wakizunguka na bunduki ndefu kuliko wao, wakivunja harusi za fahari zilizopigwa marufuku na kuwafokea wazee. Sasa hakuna hata mmoja aliyewahi kushika kirungu.

"Basi serikali ililindwa na mbuzi," alisema shangazi yangu Zaharia, muuza mikate wa Magoudjou.

Alikuwa na haki ya kukasirika. Mwanawe Djanfar, miaka kumi na sita, aliingizwa mgambo miezi michache baada ya familia kurudishwa mikono mitupu kutoka Madagaska. Mamluki walipoingia alikuwa zamu, na hakurudi. Zaharia alitaka kitu kimoja tu: mtu aliyekuwa naye amwambie kilichompata. Wagonjwa wetu wa malaria walimkwepa kama mdai. Mwishowe akasikia kwamba kadhaa wa wenzake Djanfar katika mgambo walitoka mji wa Mutsamudu, kisiwa cha jirani.

Tukaenda, mimi nikitapika njia nzima baharini. Shangazi hakubisha hodi mlango hata mmoja. Alisimama katikati ya kichochoro cha mji mkongwe, mikono kiunoni, akapaza sauti: "Gardavu!" Ni amri ya gwaride ya kusimama wima, ambayo Djanfar alikuwa akiifanyia mazoezi uani mpaka kuku wanatawanyika.

Wazee walidhani amerukwa na akili. Lakini kijana mmoja, mchukuzi wa bandarini, aligonganisha visigino, kidevu juu, gunia la karafuu likamponyoka.

"Malaria imepona, mwanangu?" Zaharia akamuuliza.

Jina lake Combo. Alianza kuapa kwamba hakuwahi kuwa mgambo, akaona haya, akatuingiza uani kwao. Walikuwa wakilinda barabara pamoja, alisema. Risasi zilipoanza, mkubwa wao alikuwa wa kwanza kukimbia. Wao wakavua sare, wakazitupa, wakajichanganya na watu.

"Djanfar alikataa kuvua, bweni," alisema, kwa neno la heshima wanalowaita akina mama. " Tulimvuta, akatupiga ngumi. Alisema mama yake kamwonya asirudi nyumbani bila lile shati la sare, kwa sababu hana jingine. Mamluki wakamwona nalo, wakampiga risasi."

Nilimchukia Combo kwa kusema kweli. Shangazi yangu alikaa chini palepale penye vumbi.

"Nilimwambia," alisema. "Ni mimi niliyemwambia."