Uso wa Dorika

Ile siku naikumbuka kwa ubaya wake, mwanangu, na laiti ningeweza ningeisahau kama nilivyosahau mambo mengine mengi ya ujana. Juzi ulipokuja kunionyesha kamera yako mpya ukasema, "Babu, hii haina kazi, naiweka kwenye oto inafanya kila kitu yenyewe," mimi nilinyamaza. Ulidhani nimesinzia. Sikusinzia hata kidogo. Mawazo yalikuwa yamenirudisha chini ya mlima wa Kilimatinde, ndani ya nyumba ya tembe, nina miaka ishirini na mbili na kichwa kimenivimba kwa sifa.

Miaka ile watu walikuwa wanahamia vijiji vya ujamaa. Mimi nilikuwa Manyoni mjini, napiga picha kwenye studio ya Mhindi mmoja tuliyemwita Baba Pushpa, kwa jina la binti yake wa kwanza. Studio yenyewe ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la vitambaa, karibu na stesheni. Kuta zote zilipakwa chokaa mpaka zinaumiza macho. Kiti cha mteja kilikuwa na alama zake sakafuni, na pa kusimama mpiga picha palichorwa mstari. Ukisimama kwenye mstari ule, ukachomeka balbu ya flashi, ukaweka tundu la lenzi kwenye namba kumi na moja, tundu dogo la mahali penye mwanga mwingi, picha inatoka safi. Awe bwana harusi, awe karani wa reli, awe mwanamke na mapacha wake, ni kumi na moja tu.

Basi mimi nikaishika hiyo kumi na moja nikadhani nimeshika kazi yote. Baba Pushpa alijaribu kunifundisha zaidi. Alikuwa akiniita uani ananionyesha jinsi jua la saa nne lisivyo sawa na la saa tisa, jinsi ya kuzisoma namba za kwenye lenzi, na ile alama ya B inayoacha lenzi wazi muda wote ulioshikilia kitufe, kwa ajili ya mahali penye mwanga mdogo. Nilikuwa naitikia "ndiyo, Baba" huku nachungulia barabarani nione nani anapita. Nilikuwa mjinga, mwanangu, na ujinga wangu ulikuwa umevaa suruali ya bugaluu iliyopigwa pasi vizuri.

Jumamosi moja asubuhi akaja mama mmoja, miguu imejaa vumbi mpaka magotini. Alikuwa ametembea tangu alfajiri. Jina lake Mama Dorika, Mgogo wa kule chini ya Kilimatinde. Hakukaa kwenye kiti nilichompa. Alisema bintiye Dorika alijifungua mtoto wa kike mwezi uliopita na tangu siku hiyo hajainuka kitandani. Walimpeleka hospitali, wakarudi naye, na aliyewaambia ukweli aliwaambia bila kuficha kwamba hatapona. Mume wa Dorika alikuwa amekwenda kutafuta kazi kwenye mkonge, na habari zake hazikujulikana.

"Nataka picha moja tu," alisema. "Mtoto akikua aone uso wa mama yake. Mimi ni mzee, sitakuwepo kumsimulia."

Baba Pushpa alinifungia kamera kwenye mfuko, akanipa balbu mbili za flashi, zile za zamani zinazoungua mara moja basi. Akaniambia nikifika nitazame nyumba kwanza. Nikasema ndiyo, Baba. Moyoni nilikuwa nimekasirika, kwa maana jioni ile kulikuwa na dansi Manyoni na mimi nilikuwa nimewaahidi wenzangu kuwapiga picha. Tukaondoka, mama anatembea mbele, mimi nasukuma baiskeli nyuma yake. Njiani nilikuwa nahesabu saa.

Tulifika kama saa tisa. Wewe hukuyaona matembe ya zamani. Ni nyumba ndefu, fupi kwenda juu, paa lake la udongo ni bapa, madirisha hamna, na moto unawaka ndani miaka na miaka mpaka kuta na boriti zinakuwa nyeusi tii. Niliinama mlangoni nikaingia, na kwa muda sikuona kitu. Kisha nikaona kitanda cha ngozi, na juu yake mwanamke amelala, ameegemezwa na mito ya magunia, mtoto kafungwa kwenye kitenge chenye maua meupe juu ya kifua chake.

Kumtoa nje haikuwezekana, kila alipoguswa alilia. Kaka yake Mama Dorika, mzee mmoja aitwaye Mateo, alikuwa amekaa pale mlangoni. Nilimwamkia kwa Kigogo, "Mbukwa," akaitikia, kisha akanitazama mimi na kamera yangu kwa muda mrefu.

"Mwanangu, humu kuna giza," alisema. "Wacha niwaite vijana wapande juu watoe udongo upande huu, jua liingie. Ni kazi ya saa moja."

"Mtabomoa paa kwa ajili ya picha?"

"Tumeambiwa wiki ijayo tunahama na paa hili linatolewa. Afadhali litolewe kwa jambo la maana."

Hapo, mwanangu, ndipo nilipojikwaa. Mzee yule asiyejua kamera alikuwa ameelewa mwanga kuliko mimi. Angetoa udongo, jua la saa kumi lingeshuka juu ya uso wa yule binti, ningeegemeza kamera kwenye kinu, na hata balbu nisingeihitaji. Lakini saa moja ya kungoja ilikuwa saa moja ya dansi. Nikacheka. Nikagonga mfuko wangu nikamwambia, "Babu, usijisumbue. Jua langu nimekuja nalo."

Mzee Mateo akasogea kunipisha. Nilirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta, ili kitanda chote kiingie, hatua sita nzima badala ya hatua nne za ule mstari wa studio. Nikachomeka balbu. Nikageuza pete ya lenzi mpaka namba kumi na moja. Nikawaambia wasitikisike. Mwanga ukalipuka, mtoto akashtuka akaanza kulia, na Mama Dorika akamchukua.

Dorika mwenyewe hakushtuka. Aliniuliza kwa sauti ndogo, "Nimetoka vizuri?"

"Umetoka vizuri kabisa, dada," nikamjibu, huku natoa balbu iliyoungua kwa leso isinichome.

Balbu ya pili nilikuwa nayo mfukoni. Ningeweza kusogea karibu, nikafungua lenzi zaidi, nikapiga tena ili kuwa na uhakika. Wazo hilo lilinijia, siwezi kukudanganya leo. Lakini ile balbu nilikuwa nimeshaipangia dansi. Nikaaga, nikapanda baiskeli, na usiku ule nikaitumia kuwapiga rafiki zangu watatu wameshikana mabega. Picha yao ilitoka nzuri ajabu, na hata leo nikiikumbuka naona aibu.

Filamu ilikuwa ya picha kumi na mbili na mimi nikaiacha ndani ya kamera mpaka iishe. Siku tisa zikapita hivyo hivyo. Tulipoisafisha, Baba Pushpa aliiinua dirishani akaipitia moja moja, kisha akasimama kwenye ya Dorika. Pale palipotakiwa kuwa na alama za mwanga, filamu ilikuwa wazi kama kioo cha dirisha, maana yake mwanga haukuifikia. Aliijaribu kwenye karatasi ya kila aina aliyokuwa nayo. Kilichotokea ni maua meupe ya kile kitenge, na vidole vitatu vya mkono. Kwingine kote giza.

"Nani alikwambia kumi na moja?" aliuliza. Hakupaza sauti.

"Wewe, Baba."

"Mimi nilisema kumi na moja ya nyumba hii. Hapa ukuta yangu nyeupe, inarudisha mwanga, inasaidia wewe. Kule ukuta nyeusi, inakula mwanga. Na wewe umesimama mbali. Mwanga ya flashi ukiongeza hatua mbili tu imekwisha nguvu." Akaiweka picha mezani. "Ile mama alitembea tangu alfajiri. Wewe hukuweza kutembea hatua mbili?"

Alinipa balbu nne, akaniambia niende siku ile ile, nipige tena, na nisirudi kabla sijahakikisha. Nikakanyaga baiskeli mpaka kifua kinauma. Nilipofika nilikuta paa limetolewa. Nyumba ilikuwa wazi juu, jua limejaa ndani mpaka kwenye pembe, na kile kitanda hakipo. Nilisimama katikati ya mwanga ule nikalia peke yangu.

Mama Dorika nilimkuta kwenye kijiji kipya, kwenye kibanda cha nyasi alichokuwa amejengewa kwa muda. Nywele alikuwa amenyoa, nikajua kabla hajasema. Walikuwa wamemzika Dorika siku nne nyuma. Nilimpa picha kwa mikono miwili kwa sababu Baba Pushpa alisema nisimfiche kitu. Aliitazama, akaigeuza juu chini, akaisogeza kwenye jua.

"Uso uko wapi?"

"Haukutoka, mama. Kosa ni langu. Mzee Mateo alitaka kufungua paa, nikamkatalia."

Nilitamani anitukane. Nilitamani Mzee Mateo atokee na fimbo. Yule mama aliifunga picha kwenye pindo la kanga yake, akasema, "Haya. Umetoka mbali na jua ni kali, kaa unywe maji." Nikanywa yale maji, mwanangu, na sijawahi kunywa kitu kichungu namna ile.

Ungedhani yaliishia hapo. Mimi pia nilidhani. Nilijifunza kazi upya, nikapima mwanga kila nyumba, nikawa mpiga picha anayeaminika, Baba Pushpa alipofunga duka nikaiendesha studio mwenyewe. Miaka kama kumi na minne baadaye, msichana mwenye sare za shule akaingia akasimama mbele ya meza yangu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Picha ya cheti?"

"Hapana. Mimi naitwa Yunesi, mjukuu wa Mama Dorika. Bibi amefariki mwezi wa sita." Akatoa ile picha, imekwisha pembe zote, akaiweka mezani. Niliitambua kabla haijatua. "Bibi alisema wewe ulifika nyumbani ukamwona mama. Babu Mateo naye hayupo, na baba hajarudi mpaka leo. Sasa nimekuja kuuliza. Alikuwaje?"

Mwanangu, nilimtafuta yule mwanamke kichwani mwangu kwa bidii ambayo sijawahi kuitumia kwa jambo lolote. Nikakuta namba kumi na moja. Nikakuta hatua sita, na ukuta mweusi mgongoni, na maua ya kitenge, na saa yangu ya mkononi. Nilikumbuka hata sauti yake ikiuliza kama ametoka vizuri. Uso haukuwepo. Nilikuwa nimesimama mbele ya mama yake mchana kweupe wa maisha yangu, macho yangu mazima, na sikumtazama.

Ningeweza kubuni. Ningesema alikuwa mzuri, alifanana nawe, na msichana angeondoka na furaha. Lakini nilikuwa nimeshamdanganya mama yake siku ile, na sikuweza kumdanganya na mtoto.

"Sikumtazama, mwanangu," nikamwambia. "Nisamehe. Nilikuwa na haraka."

Akaitikia kwa kichwa pole pole, kama mtu aliyeambiwa ofisi imefungwa. Akaichukua picha yake akaifuta kwa kiganja, akaniaga kwa heshima zote. Nilimpiga picha yake mwenyewe siku ile, bure, kwa mwanga mzuri nilioujua. Haikumsaidia kitu, na wote wawili tulijua.

Basi nisikilize. Hiyo oto yako siichukii, ni mtumishi mzuri mahali pa kawaida. Lakini yenyewe haijui nani anaumwa na nani mzima, wala haijui kwamba ukuta ni mweusi kwa moshi au mweupe kwa chokaa. Inachanganya yote iliyoyaona na kukisia katikati. Ukiona nyuma ya mtu kuna anga kali, pima mwanga wa usoni kwake. Ukiwa na flashi, sogea, kwa maana mwanga wake unachoka upesi njiani. Pakiwa na giza na mtu ametulia, fungua lenzi, egemeza kamera, ngoja. Na ukiwa na nafasi ya kupiga ya pili, ipige, dansi lipo kila Jumamosi. Mwenye nyumba akikupa ushauri kuhusu nyumba yake, msikilize, hata kama hajawahi kushika kamera.

Hayo yote utayajua, wewe una akili kuliko mimi wa wakati ule. Ninalokuomba ni moja. Kabla hujagusa pete yoyote, shusha kamera, umtazame mtu usoni kwa macho yako mawili mpaka umjue. Filamu inaweza kuharibika, simu inaweza kupotea, hata mimi na wewe tunakwisha.

Mungu akujalie mkono usiotetemeka na moyo usio na haraka. Akufungulie milango ya watu, wakukaribishe penye furaha na penye msiba. Na siku mtoto wa mtu akija kukuuliza mama yake alikuwaje, Mungu akujalie uwe na la kumjibu.