Shafti Iliyokatikia Kwenye Jina Langu

Chekeni tu, maana aibu hii sikupewa na mtu, niliigonga mwenyewe kwa nyundo. Nafanya kazi mtaa wa Baba Dogo, kwenye karakana ya Mama Mwende, na sijaona mtu anayekereza chuma kama yule mama: hana haraka, mkato wa mwisho anaupitisha mwembamba kama ganda la kitunguu, halafu pale shafti (ule mhimili wa chuma unaozungusha mashine) inapotoka unene kuingia wembamba haachi kona kali, anaiviringisha kidogo, kisha anasugua alama zote za kisu mpaka ukipitisha ukucha haukwami popote.

Basi Abdi wa mtaa wa Mbotela, mwenye mashine ya kusaga unga, akanunua ya pili akataka shafti yake, na Mama Mwende akaniambia, "Kevo, hii ni yako peke yako. Ikikaa, nakuachia mashine moja ya kukereza." (Miaka mitatu nilikuwa nayangoja maneno hayo.) Mimi nami nikajiona fundi! Nikakata kwa pupa, kona nikaiacha kali kwa sababu ilionekana smati, na kwa vile kazi nzuri lazima ijulikane ni ya nani, nikachukua herufi za chuma nikagonga KEVO FUNDI palepale kwenye kona.

Haikumaliza miezi miwili. Jumamosi moja nikapita kwa Abdi, foleni ya akina mama imefika barabarani, nami badala ya kusalimia na kwenda zangu nikasimama kuwahubiria: "Hiyo shafti ni mkono wangu, itatuzika sisi wote!" Sijafunga mdomo, ta! Shafti ikakatika, mkanda ukaruka, gunia la unga likapasuka, sote tukawa weupe kuanzia kope hadi viatu (nashukuru Mungu hakuna aliyeumia).

"Si ndiyo hii imeanza kutuzika, Kevo," mama mmoja akasema akijipangusa, na foleni nzima ikaangua kicheko.

Mama Mwende alipofika hakupiga kelele. Aliokota kipande, akakigeuza kwenye mwanga, akanionyesha mistari myembamba iliyofuatana. "Ona. Ufa ulianzia hapa kwa K, ukatembea polepole shafti ikizunguka. Chuma huchoka, na huanza kuchokea pale ulipokiumiza." Kando yetu ile mashine ya kwanza ya Abdi ilikuwa inasaga tu, na shafti yake aliitengeneza Mama Mwende miaka mingi iliyopita, haina jina la mtu. Nilitamani ardhi inimeze.

Nilikereza nyingine kwa siku tatu, na kila nilipodhani nimemaliza alipitisha ukucha akasema, "Rudia." Ile mashine niliyoahidiwa bado sijaachiwa, na siulizi. Nimeapa chuma kinachozunguka sitakigonga hata nukta. Majuzi nilipita Mbotela, mashine zote mbili zinanguruma, nikasimama nikasikiliza kwa muda mrefu nikashindwa kujua ipi ni ya Mama Mwende na ipi ni yangu. Sikumwambia mtu.