Bastola ya Kaka Yake Anyango

Juzi kwenye runinga niliona bunduki zilizosalimishwa zikichomwa moto. Mume wangu akasema ni hasara, afadhali zingeuzwa. Nikakumbuka baraza la chifu pale Gatina nilipokuwa mtoto, mchana wa vumbi na harufu ya mahindi ya kuchoma.

Kaka yake rafiki yangu Anyango alitoa bastola kwenye mfuko wa unga, akamkabidhi chifu. Watu wakampigia makofi. Anyango akasimama kando yake, kidevu juu, nami nikamwonea wivu. Kaka yangu Wafula, fundi wa viti, alikuwa nyuma akinukia vanishi, na hakuna aliyemtazama.

Chifu akasema bastola hiyo itachomwa. Nikamwambia mama, "Si wampe Wafula kwanza, naye airudishe?"

Mama alinifinya. Lakini mama yake Anyango, aliyekuwa karibu nasi akilia, alikuwa amesikia.

"Mama Wafula," akasema, "mimi ndiye ninayekuonea wivu."

Nilidhani anatuliwaza tu, kwa vile sisi hatukupigiwa makofi. Siku hizi, mwanangu akichelewa kurudi nyumbani, namwelewa.